Vita vya Waskoti na Mikuki ya Rungwe

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama baada ya sala ya isha. Tunaichapa hapa kwa ombi la wale ambao hawakuwahi kuhudhuria.)



Mwenyekiti alinitaka niseme usiku huu juu ya vita vikubwa vya taifa moja katika mataifa ya dunia, akaniachia mwenyewe kuchagua taifa hilo. Nimechagua Waskoti, watu wa upande wa kaskazini wa kisiwa cha Uingereza. Naona baadhi yenu mmekwisha kutazamana. Huyu muuza mchele na Waskoti wapi na wapi? Nipeni subira kidogo, maana khabari hii inaanzia Tanzania, tena inaanzia katika gunia la maharagwe.

Mwaka jana nilisafiri mpaka Tukuyu, wilaya ya Rungwe, kutafuta maharagwe na mchele wa Kyela. Nikafikia Lufingo kwa mzee mmoja ambaye mwanawe tunafanya naye biashara. Nchi ile ni ya migomba na chai na ukungu. Mlima Rungwe ulionekana asubuhi, na kabla ya adhuhuri ulikwisha kujifunika kama mwari. Baridi yake ni ya kumfanya mtu wa kisiwani avae koti kitandani. Nilijifunza kusema "Mugonile" kila nikikutana na mtu mzima, nao wakafurahi kuisikia kwa ulimi wa pwani.

Usiku mzee yule, ambaye utotoni alisoma ng'ambo ya Mto Songwe katika nchi iitwayo leo Malawi, aliniuliza masuala mawili. La kwanza: "Mwanangu, wewe ni mtu wa pwani. Mlozi mnamkumbukaje huko kwenu?" Nikanyamaza, kwani sikupata kulisikia jina hilo. La pili: "Wazungu waliopigana na Mlozi walikuwa Waskoti, na walimu wetu walituambia kuwa Waskoti ni watu wa milima kama sisi. Je, kwao walipigana vita gani, na vikaishaje?" Nikanyamaza tena. Ndugu zangu, mtu mwenye ndevu kunyamaza mara mbili katika usiku mmoja mbele ya mwenyeji wake si jambo jepesi. Niliporudi nikaazima vitabu, na haya ndiyo niliyoyapata. Nitaanza na suala la pili, kwa sababu la kwanza ni zito zaidi.

Waskoti walikuwa na ufalme wao mbali na ufalme wa Uingereza. Mwisho wa karne ya 13 mfalme wa Uingereza, Edward wa Kwanza, alitaka kuwatia chini ya mkono wake. Tarehe 11 Septemba 1297 jeshi lake lilifika kwenye daraja jembamba la mbao mahali paitwapo Stirling. Ng'ambo ya pili walikuwako William Wallace na Andrew Moray pamoja na watu wenye mikuki mirefu. Hawakuharakisha. Waliwaacha Waingereza wavuke kidogo kidogo, na walipoona kuwa waliokwisha kuvuka wanatosha kupigwa na hawatoshi kupigana, wakashuka na kukata njia ya daraja. Waliobaki ng'ambo wakawa watazamaji wa kufa kwa wenzao. Yule mtunza hazina wa Waingereza, Cressingham, ambaye ndiye aliyekuwa akiwatoza kodi, aliuawa hapo. Moray naye alipata majeraha yaliyomuua.

Mwaka uliofuata, 1298, kule Falkirk, mambo yakageuka. Wallace alipanga watu wake katika duara, mikuki imeelekezwa nje kama miiba ya nungunungu, na farasi wakashindwa kuingia. Lakini Edward alikuwa na wapiga mishale, nao wakasimama mbali wakayatoboa yale maduara mpaka yakafumuka. Nataka muikumbuke picha hii ya mkuki hodari unaosimama mbele ya silaha ipigayo kutoka mbali, maana tutaikuta tena huku kwetu. Wallace alikamatwa baadaye na akauawa London mwaka 1305 kwa mauti ya kikatili ambayo sitaieleza mbele ya watoto.

Vita walivyovifanya Waskoti fahari yao mpaka leo ni vya Bannockburn, tarehe 23 na 24 Juni 1314. Edward wa Pili, mwana wa yule wa kwanza, alikuja na jeshi kubwa kuiokoa ngome ya Stirling iliyozingirwa. Mfalme wa Waskoti, Robert Bruce, alichagua uwanja mwenyewe. Mbele yake palikuwa na kijito na ardhi ya majimaji, naye akachimba mashimo na kuyafunika ili farasi waingie. Siku ya kwanza kijana mmoja wa Kiingereza aitwaye Henry de Bohun alimwona Bruce yuko peke yake juu ya farasi mdogo, akamrukia kwa mkuki wake. Bruce akampisha, kisha akampasua kichwa kwa shoka. Siku ya pili Waingereza wakabanwa baina ya kijito na mikuki, wakawa wengi mno kwa uwanja mdogo mno, hata wingi wao ukawa ndio adui yao. Mfalme wao akakimbia.

Vipo na vita vya Flodden vya mwaka 1513, ambapo mfalme wa Waskoti, James wa Nne, alifia uwanjani pamoja na wakubwa wengi wa nchi. Navipita upesi, kwani ni khabari ya mfalme aliyeacha kilima kizuri akashuka bondeni kupigana.

Sasa, ndugu zangu, sikilizeni jambo lililonishughulisha mimi kama mwenye duka. Taifa hili lililopigana karne kwa karne lilipoteza baraza lake la kutunga sheria mwaka 1707, na siku ile haukuinuliwa hata mkuki mmoja. Miaka michache kabla yake, kuanzia 1698, wafanya biashara wa Uskoti walikuwa wametia mali yao katika kampuni iliyotaka kuanzisha koloni huko Darien, katika nchi ya Panama. Homa iliwaua watu, koloni likafa, mali ikapotea. Yalipokuja mazungumzo ya kuungana na Uingereza, palikuwamo katika mapatano fedha za fidia: pauni 398,085 na shilingi 10. Hata hizo shilingi 10 ziliandikwa. Sehemu kubwa ilikuwa ya kuwalipa wale waliotia mali yao katika kampuni ya Darien, na miongoni mwao walikuwamo watu walioketi katika baraza hilo hilo lililopiga kura. Wananchi walifanya ghasia katika mitaa ya Edinburgh, walakini kura ikapita, na tarehe 1 Mei 1707 nchi mbili zikawa moja. Baraza lililofungwa siku zile halikufunguliwa tena katika Edinburgh mpaka mwaka 1999, na mwaka 2014 Waskoti walipoulizwa kwa kura kama wanataka kujitenga, asilimia 55 walisema hapana. Mimi sisemi kuwa walikosea au walipatia. Nasema kuwa Bannockburn ilichukua siku mbili, na karatasi ile imekaa zaidi ya miaka 300.

Vita vyao vya mwisho vikubwa vilipiganwa Culloden, tarehe 16 Aprili 1746, watu wa milimani wakimfuata mwana wa ukoo wa wafalme wa zamani. Havikumaliza saa moja. Walikimbilia mizinga na panga mkononi. Baada yake watu wa milimani walinyang'anywa silaha, wakakatazwa mavazi yao, na machifu wao wakavuliwa uamuzi wa kesi. Tena wako Waskoti wengi waliosimama upande wa serikali siku ile, kwa hivyo msidhani kuwa ilikuwa kabila moja dhidi ya kabila jingine.

Basi hao ndio watu waliokuja kwenye Ziwa Nyasa. Mwaka 1875 wamisionari wa Kanisa Huru la Uskoti walifika ziwani na meli yao ndogo, Ilala. Mwaka 1878 wafanya biashara wa Glasgow wakaanzisha kampuni ya maziwa, na mawakili wake wakawa ndugu wawili, John na Frederick Moir. John alivaa miwani, na wenyeji wakamwita Mandala kwa sababu ya kumeremeta kwa vioo vile, hata kampuni nzima ikaitwa Mandala. Mwaka 1879 Mskoti mwengine, Joseph Thomson, kijana wa miaka 21 ambaye mkubwa wake alikufa njiani, alipita Unyakyusa akiongozwa na msafara wa watu wetu kutoka Unguja chini ya Chuma, yule aliyeuchukua mwili wa Livingstone. Thomson aliisifu nchi ile kwa migomba yake, usafi wa nyumba zake na ng'ombe wake.

Mumjue na Mnyakyusa wa siku hizo. Hakuwa na mfalme mmoja. Machifu walikuwa wengi, kila mmoja na bonde lake, na vijana wa rika moja walijenga kijiji chao wenyewe wakaishi pamoja na kupigana pamoja. Jambo lililowakusanya lilikuwa matambiko ya Lwembe kule Lubaga, karibu na Tukuyu. Kusini ya Songwe walikaa ndugu zao Wangonde chini ya Kyungu, na nasaba za wakubwa wa pande zote mbili zinapelekwa katika milima ya Ukinga. Maadui hawakuwa wachache. Wasangu wa Merere waliwinda ng'ombe, Wangoni kadhalika, na mkuki na ngao vilikuwa vyombo vya kila nyumba.

Na sasa nalifikia suala la kwanza la mzee wa Lufingo.

Mlozi alikuwa mtu wetu. Alikuwa Mswahili mwenye damu ya Kiarabu, mfanya biashara ya pembe za ndovu, na pamoja naye walikuwapo wenzake Kopakopa na Msalemu. Walikuwa wakitoa pembe nchi ya Wasenga, magharibi ya ziwa, wakiziuza kwa wale Waskoti wa Karonga. Kampuni mara nyingi haikuwa na bidhaa za kutosha kulipia, na pembe zikirundikana na watu wakingoja malipo, maboma yao yakazidi kukua. Nani alibeba pembe zile? Mateka. Tusijidanganye, ndugu zangu. Biashara ile ya pembe ilitembea kwa miguu ya watu waliofungwa.

Mwezi wa Oktoba 1887 ugomvi baina ya watu wa Mlozi na Wangonde ukawa mkubwa. Wangonde walikimbilia katika matete ya wangwa wa Kambwe, kando ya ziwa. Tarehe 27 Oktoba watu wa Mlozi wenye bunduki wakawazunguka, wakayatia moto matete. Waliotoka walipigwa risasi au wakatekwa, na walioingia majini walichukuliwa na mamba. Baada ya siku hiyo Mlozi akajitangaza kuwa ndiye sultani wa Wangonde. Mimi nilisoma khabari hii dukani kwangu, kitabu kimekaa juu ya gunia, na mteja akaja kutaka nusu kilo ya sukari nikampimia kilo nzima bila ya kujua.

Mwezi uliofuata Mlozi akaizingira Karonga yenyewe. Ndani alikuwamo wakili wa kampuni, Monteith Fotheringham, pamoja na Wazungu wachache, akiwemo balozi O'Neill na mwindaji Alfred Sharpe ambaye baadaye alikuja kuwa gavana wa Nyasaland, na pamoja nao Wangonde waliokimbilia humo kwa mamia. Walichimba handaki, wakarundika masanduku na udongo. Mazingira yale yalikaa siku tano. Je, nani aliyawaondosha? Hawakuwa askari wa Malkia. Walikuwa wapiganaji wenye mikuki walioteremka kutoka kaskazini, kutoka milima ya Unyakyusa, katika siku za mwisho za Novemba 1887. Watu wa Mlozi walipoona wingi ule wakayaacha maturuma yao wakarejea bomani. Vitabu vya Wazungu vinawataja walioketi ndani ya handaki jina kwa jina. Walioteremka na mikuki vinawataja kwa jumla, kama mtu anavyotaja mvua. Hili ndilo lililomfanya mzee wa Lufingo aniulize, naona, kwani katika nchi yake mvua ile ilikuwa na majina.

Yaliyofuata si ya kumpa fahari yeyote. Tarehe 23 Desemba Waskoti na wenzao waliushambulia mji wa Mlozi, wakachoma sehemu yake, wasiweze kuushika. Mwaka 1888 akaja kapteni wa Kiingereza, Frederick Lugard, kuwaongoza. Alfajiri ya tarehe 16 Juni wakajaribu boma la Kopakopa. Kuta zake zilikuwa magogo yaliyokandikwa udongo, miiba imepangwa mbele yake. Lugard alipigwa risasi iliyomjeruhi mikono yote miwili. Mwanzoni mwa 1889 wakaletewa mzinga, na mzinga nao ukawatia aibu: risasi zake zilitoboa ukuta zikapita, na ukuta ukabaki umesimama. Wale Waskoti waliokuwa na mikuki Falkirk, sasa walikuwa na mizinga, na udongo wa Mswahili ukawashinda. Kama fundi aliyejenga kuta zile angekuwa na kazi iliyo bora kuliko ile, leo tungelitaja jina lake kwa furaha. Mwezi wa Oktoba 1889 akaja Harry Johnston, wakapatana, na Mlozi akabaki mahali pake.

Haya, mikuki ya Rungwe imefanya kazi yake, bunduki za Uskoti zimefanya zake, na wanaume wa pande zote wamezikwa. Ikafika tarehe 1 Julai 1890. Mjini Berlin, Waingereza na Wajerumani wakatia saini karatasi moja. Ndani ya karatasi hiyo mpaka ulipitishwa katika Mto Songwe: Mnyakyusa akawa wa Mjerumani, na ndugu yake Mngonde akawa wa Mwingereza. Hapana chifu aliyeulizwa, wala wa Lubaga wala Kyungu. Na katika karatasi hiyo hiyo, ndugu zangu, Mjerumani aliwakubalia Waingereza kuweka himaya yao juu ya Unguja na Pemba, naye akapewa kisiwa cha Heligoland katika bahari ya kaskazini ya Ulaya. Nilikuwa nimesoma juu ya Heligoland tangu utotoni. Sikupata kuambiwa kuwa mstari uliotugusa sisi na mstari uliowagusa watu wa Lufingo uliandikwa kwa wino mmoja. Hao waliouandika hawakupata kulala usiku mmoja Unyakyusa.

Mlozi hakudumu. Aliendelea na maudhi yake, na mwanzoni mwa Desemba 1895 Johnston alirudi, mara hii kwa meli za ziwani, na mizinga ya kweli na askari wa Kalasinga kutoka Bara Hindi pamoja na askari Waafrika. Boma likavunjwa. Mlozi alijificha katika chumba cha chini ya ardhi ndani ya nyumba yake, na aliyemtoa humo ni askari mmoja Mtonga. Akahukumiwa na wazee wa Wangonde waliokalishwa kuwa mahakimu, akanyongwa. Wajerumani nao hawakuchelewa upande wao. Mwisho wa mwaka 1897 Wanyakyusa na Wakinga waliungana kuwainulia mikuki, na bunduki ikawafanya kama mishale ilivyowafanya watu wa Wallace. Kisha mwezi wa Mei 1916, Vita Kuu ya kwanza, majeshi ya Waingereza yakavuka Songwe chini ya Jemadari Northey yakaitwaa Tukuyu, ambayo Wajerumani waliiita Neu-Langenburg. Mabwana wakabadilika.

Nilirudi Lufingo mwaka huu, maharagwe yakiwa ndiyo kisingizio. Nikamwambia mzee habari za Stirling na Bannockburn, na ile ya daraja akataka niirudie, akacheka kwa kupiga paja. Nikamwambia na za 1707. Akauliza zile pauni zilikuwa ngapi, nikamtajia, na shilingi 10 zake.

Kisha nikamwambia: "Mzee wangu, uliniuliza Mlozi tunamkumbukaje. Hatumkumbuki. Hatumtaji kwa wema wala kwa ubaya, na kwa hivyo wale wa Kambwe nao hatuwataji."

Alikaa kimya kwa muda. Akamwita mjukuu wake alete mkungu wa ndizi uwekwe katika gari pamoja na magunia yangu.

Kesho yake tuliteremka pamoja mpaka Kasumulu, kwenye daraja la Songwe, kwani yeye alikuwa na msiba upande wa pili, dada wa mama yake amefariki. Tulikuta safu ndefu ya watu na malori. Mzee alisimama katika safu, ameshika fimbo mkono wa kulia na mkono wa kushoto karatasi yake ya kuvukia, akingoja zamu yake aende kumzika mama yake mdogo.